Nyoka Karibu na Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kuishi Nao Pwani Bila Kuwaua

Kuanzia Lamu hadi Lindi, mtu akipiga ukelele wa "nyoka!" mtaa mzima hutoka. Huyu na fimbo, yule na panga, watoto na mawe. Baada ya muda mfupi nyoka amelala kichwa kimepondwa, na mara nyingi akiangaliwa vizuri huonekana ni wa aina isiyoweza kumdhuru hata mtoto mchanga. Siku nyingine mambo hugeuka: aliyetangulia na fimbo ndiye anayebebwa kwenda hospitali. Kumpiga nyoka sharti umsogelee, na ukimsogelea umempa nafasi ya kukufikia.

Simwombi mtu ampende nyoka. Hofu hii ina sababu zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Ninachosema ni kwamba kuua nyoka mmoja mmoja hakuondoi hatari hiyo. Nyoka anayeingia uani amefuata panya, chura, mjusi au yai, na amekuta pa kujificha. Akifa yeye, panya wakabaki na maficho yakabaki, atakuja mwingine.

Na panya wenyewe si wageni wa kukaribisha. Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu mkoani Lindi ni homa ya mgunda, ambayo mkojo wa panya ni moja ya njia zake za kuenea. Wazee wa Lushoto nao wanaikumbuka tauni, iliyowasumbua miaka mingi kuanzia 1980, na hiyo huletwa na viroboto vya panya. Nyoka wa nyumba anayepita kimya nyuma ya ghala la mahindi anakufanyia kazi ambayo mtego peke yake hautaimaliza.

Kwanza, wajue unaoishi nao

Huna haja ya kujifunza nyoka wote. Jua wachache ambao tabia zao zitabadilisha namna unavyotembea na unavyolala.

Bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu, ndiye wa kumweka moyoni kuliko wote. Ni mfupi, mnene, ana mistari yenye pembe mgongoni, na akilala kwenye majani makavu ya mkorosho unaweza kusimama karibu naye usimwone kabisa. Wenzake husikia mtikisiko wa ardhi wakakimbia; yeye hubaki palepale akiamini rangi yake imemficha. Ndiyo maana hukanyagwa, hasa usiku njiani. Kumbuka hilo unaposoma sehemu ya tochi hapa chini.

Swila, au fira, ni yule anayeinua shingo na kuitanua. Pwani yetu wapo wanaotema sumu, na hulenga macho kutoka umbali wa mita mbili hata tatu. Mkubwa kuliko wote wanaotema alitambuliwa rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 2007, na akapewa jina la kisayansi la Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Swila wanaotema hutembea usiku wakitafuta panya na vyura, na huingia nyumbani. Mtu aliyelala mkekani akigeuka akamlalia, huumwa.

Koboko ni mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya kijivu au ya zeituni, na ana mbio. Sumu yake huzima pumzi upesi. Hata hivyo ni mwoga: akiona njia ya kutokea ataishika. Hatari huja anapozingirwa na watu au anapozuiwa asirudi kwenye shimo lake. Nduguye wa kijani hukaa juu ya miembe, mikorosho na vichaka vya pwani, na ni nadra kushuka. Watu huchuma maembe chini yake miaka mingi bila kujua yupo.

Sasa wale wanaouawa bure. Ukukwi ni mwembamba, wa kijani, ana macho makubwa, na hupanda ukuta kuwinda mijusi. Hana madhara kwako, lakini hufa kwa sababu ya rangi yake. Nyoka wa nyumba ni wa hudhurungi, mara nyingi ana mistari hafifu usoni, na chakula chake ni panya. Nyoka kipofu ni kama mnyoo unaong'aa. Hutoka mvua ikinyesha, akala mchwa na siafu. Chatu hana sumu, ingawa mkubwa ataondoka na kuku au mbuzi wako, na anang'ata vibaya akishikwa.

Kuna mmoja mdogo, mweusi, anayeishi chini ya udongo na kuonekana baada ya mvua. Watu humshika nyuma ya kichwa wakidhani wamemdhibiti, naye huchomoa jino pembeni ya mdomo bila hata kuufungua na kumdunga aliyemshika kidoleni. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa nyoka wote: usimshike, hata ukiwa na hakika unamjua, hata akiwa amekufa. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda.

Zunguka uwanja wako mchana

Fanya kazi hii kabla ya mvua za masika na tena kabla ya vuli, kwa sababu mvua huwatoa vyura, na vyura huwatoa nyoka. Vaa viatu vilivyofunika mguu, chukua fimbo ndefu au reki, na uanzie nyuma ya jiko.

Nyuma ya majiko mengi ya Pwani kuna lundo la makumbi ya nazi. Likitazamwa kwa karibu, lundo hilo ni nyumba iliyokamilika. Juu ni kavu na pana joto la jua. Katikati kuna mianya ya upana wa ngumi, yenye kivuli mchana kutwa. Chini pamebaki unyevu, mende na jongoo. Panya wamezaa humo, wakitoka jioni kufuata pumba na makombo ya ugali. Nyoka hahitaji zaidi ya hapo. Liondoe. Makumbi ya kuchomea yapange juu ya kichanja kilichoinuka angalau sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na ukuta, ili uweze kuona chini yake mpaka upande wa pili. Kuni zipangwe hivyohivyo. Unapovuta kuni au kumbi, gonga kwanza kwa fimbo, kisha uvute kutoka juu. Usiingize mkono mahali macho hayafiki.

Ukimaliza hapo endelea na mabaki ya ujenzi: kifusi, mabati yaliyolala chini, mawe ya matumbawe yaliyorundikwa yakisubiri fundi. Bati lililolala juani asubuhi ni mahali nyoka anapopapenda mno. Likiwa lazima libaki, lisimamishe. Unapoliinua, linyanyue ukivutia upande wako, ili bati libaki kati yako na kilicho chini yake.

Majani yafyekwe yabaki mafupi kiasi cha mita tatu hadi tano kuzunguka nyumba na pande zote mbili za njia ya chooni. Hapa wengine husafisha shamba zima kwa moto. Sishauri. Moto huwasukuma nyoka wote wa kichaka waje kwako siku hiyohiyo, na wanaobaki hawana pa kwenda isipokuwa nyumba. Acha kichaka cha mwisho wa shamba kiwe chao. Matawi ya miti yanayogusa paa nayo uyakate, hasa kama nyumba ni ya makuti.

Takataka za chakula zizikwe au ziwekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Mahindi yawekwe kwenye pipa la bati au ghala lenye kinga ya bati kwenye nguzo ili panya wasipande. Chakula cha kuku kisilale nje. Ukiweka sumu ya panya, fikiri mara mbili: panya aliyekula sumu huliwa na bundi, paka na nyoka, nawe umewaua wasaidizi wako wote kwa mkupuo mmoja. Mitego na usafi vinatosha kama havilegei.

Banda la kuku linahitaji maneno yake. Liinue kutoka ardhini, na lizungushie wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi au madogo zaidi; ule wavu wa kawaida wa kuku una matundu ambayo nyoka hupita bila shida. Okota mayai kabla ya giza. Usiingize mkono kwenye kiota bila kumulika, hata kama umefanya hivyo tangu utotoni.

Ukikuta gamba lililovuliwa, usihame nyumba. Gamba huvutika linapovuliwa, kwa hiyo huwa refu kuliko mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ameshaondoka. Linakuambia tu kwamba njia hiyo hutumika. Angalia liko karibu na tundu gani, na uanzie hapo kuziba.

Ziba nyumba

Kidole chako cha mwisho kikipita, nyoka mdogo atapita. Kipimo hicho kitumie kila mahali.

Chini ya mlango ndiko wengi wanakoingilia. Pigilia mpira mnene chini ya ubao wa mlango ukiburuza sakafuni. Fundi viatu yeyote atakukatia kutoka kwenye tairi kuukuu. Kizingiti kilicholiwa kitengenezwe kwa saruji. Kisha zunguka nje uangalie nyufa za ukuta, matundu ya mabomba na ya nyaya, na mfereji wa bafuni, huo ukiwekewa chujio la chuma. Kwenye nyumba za matumbawe mawe hushika, lakini chokaa iliyo kati yake hutoka na kuacha mapango, jaza upya. Madirisha na matundu ya hewa yapigwe wavu, nawe utakuwa umezuia mbu kwa gharama ileile.

Paa la makuti haliwezi kuzibwa. Linaloweza kufanyika ni kupunguza panya na mijusi wanaoishi humo: paka huwasaidia wengi, na taa ya barazani isiyowaka usiku kucha huvutia wadudu wachache, kwa hiyo mijusi wachache.

Usitupe fedha kwenye vitu hivi: salfa, naftalini, dizeli iliyomwagwa kuzunguka nyumba, vitunguu saumu, mpira wa kuchoma. Nyoka huvipita. Dizeli itaharibu udongo na kisima, na naftalini ni sumu kwa mtoto anayeiokota akidhani ni peremende.

Mazoea ya usiku

Nikilazimika kuchagua mambo matatu tu katika mwongozo huu wote, ni haya: tochi, viatu, chandarua.

Tochi iwe mkononi kila unapotoka baada ya magharibi, hata kama ni hatua chache hadi chooni, na imulike pale mguu unapokwenda kukanyaga, si mbele kabisa. Viatu viwe vya kufunika. Kandambili haimzuii bafe. Shambani, buti za mpira na suruali iliyolegea huokoa wengi, kwa sababu bafe hupiga chini ya goti. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Tumekizoea kwa ajili ya malaria, lakini ndicho pia kinga bora ya swila anayewinda panya chumbani usiku. Anayelala chini, na wapo wengi hasa wageni wakijaa msibani au harusini, atafutiwe kitanda au japo chandarua kinachokunjwa chini ya mkeka.

Wafundishe watoto kauli moja: "Simama, rudi nyuma, ita mkubwa." Wasifundishwe kurusha mawe. Nao wasikilize ndege: wakikusanyika mtini mahali pamoja wakipiga kelele, mara nyingi wamemwona nyoka.

Ukimkuta uani

Simama kwanza. Kisha rudi nyuma polepole mpaka umbali wa mita tano au zaidi. Mbwa afungwe, kuku wafukuzwe kwingine, watoto waingie ndani. Usimzingire, mwachie upande ulio wazi kuelekea kichakani. Nyoka asiyebughudhiwa huondoka mwenyewe, na mara nyingi hutamwona tena. Kama ni chatu mkubwa au bafe aliyelala njiani, mtu mzima mmoja abaki akimtazama kutoka mbali huku mwingine akipiga simu.

Ukimkuta ndani

1. Toa watu wote chumbani, ukianza na aliye karibu naye. Asiyeweza kupita bila kumkaribia atoke kwa dirishani.
2. Mtu mmoja abaki kwenye mlango wa nje akimwangalia kutoka mbali, akiwa amevaa miwani yoyote kama inapatikana, kwa ajili ya mate ya swila. Nyoka asipotezwe machoni, kwani nyoka aliyepotea chini ya kabati husumbua usiku mzima.
3. Funga milango ya vyumba vingine na uzibe chini yake kwa mashuka au mataulo.
4. Piga simu kwa mkamataji. Watamu na maeneo jirani watu huwaita Bio-Ken. Kwingineko Kenya, anza na ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Tanzania, afisa wanyamapori wa wilaya. Namba hizi zitafutwe leo na ziandikwe ukutani.
5. Kama hakuna wa kuja, fungua mlango wa nje unaoelekea gizani, zima kelele, ondokeni wote. Nyunyiza unga laini kwenye kizingiti, upana wa mkono. Asubuhi, alama yake kwenye unga itakuonyesha kama ametoka na ameelekea wapi. Bila alama hiyo, chumba kisilaliwe.

Usimwagie maji ya moto, usimchome, usimpulizie dawa ya mbu. Vyote humfanya akimbie ovyo, na kukimbia kwake kunaweza kuwa kuelekea kwako. Mkamataji akimchukua, mwombe amwachie kwenye pori lisilo mbali sana. Aliyepelekwa mbali hajui maficho wala mawindo ya huko, na wengi wao hufa.

Sumu ikiingia machoni, au akiuma

Macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, kope zikifunguliwa kwa vidole. Asiyasugue. Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu jicho lililochubuka likiingiwa na vijidudu linaweza kupofuka.

Akiuma, ondokeni hapo kwanza ili asiume wa pili. Mgonjwa akae au alale, asitembee, asikimbie. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga gango la ubao au kijiti kuzuia kiungo kisijongee, bila kukaza. Anayetapika au kulegea alazwe ubavu. Pumzi ikikata, pulizia mdomo kwa mdomo mpaka mfike. Kwa sumu ya koboko hiyo ndiyo huokoa maisha. Msafirishe upesi kwa chochote kilichopo: kwenye bodaboda akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma.

Usifunge kamba juu ya jeraha. Viungo hukatwa kwa sababu ya kamba hizo. Usichanje, usinyonye, usiweke barafu wala shoti ya umeme. Jiwe jeusi la nyoka halivuti sumu, haijalishi limegandama vipi. Najua katika familia nyingi mganga huitwa kwanza, hasa ikisemwa kuwa nyoka huyo ametumwa. Wazee wanaotaka kuomba dua au kufanya la kimila wapande gari pamoja na mgonjwa, walifanye njiani. Muda hauna mbadala, na dawa ya kupinga sumu hutolewa hospitali tu, kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali unaohitaji daktari.

Wala msimtafute nyoka ili mumpeleke hospitali. Daktari hutibu kwa dalili. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali inafaa ikiwa ipo tayari.

Kaa na majirani

Uwanja wako ukiwa safi na wa jirani ukiwa jalala, panya watapita ua, na nyoka nyuma yao. Hili lipelekwe kwenye baraza ya mtaa au mkutano wa kitongoji: siku ya pamoja ya kuondoa makumbi na vifusi kabla ya masika, mtu mmoja anayetunza namba za wakamataji, na dereva aliyekubali kuamshwa usiku. Ulizeni mapema hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka wiki hii. Si kila kituo cha afya huiweka, na kwenye vinavyoiweka huisha. Anayejua kabla atapita vituo viwili bila kusimama na kufika panapotakiwa, huku asiyejua akipoteza saa nzima akielekezwa kwingine. Namba ya duka la dawa la hospitali hiyo iandikwe chini ya ile ya mkamataji, na mtu apige kila mwezi kuuliza kama dawa bado ipo.